Siku Mama Suuza Alipoomba Awe Amekosea

Ifikapo tarehe thelathini ya mwezi huu, msimamizi wa maabara yetu ya damu atavua koti jeupe baada ya miaka thelathini na mmoja ya utumishi. Wakubwa humwita Bi Msimamizi. Sisi wengine tunamwita Mama Suuza, na anajua.

Jina hilo alilipata kihalali. Kipimo chetu kipya cha virusi hutumia chembe za dhahabu ndogo mno, jicho halizioni. Zikiwa ndani ya maji, maji huwa mekundu. Zikikutana na virusi, hata vichache ambavyo kipimo cha zamani hakivigundui, hushikana zenyewe kwa zenyewe, na rangi ikageuka zambarau. Tatizo ni kwamba chupa iliyosuuzwa kwa maji ya bomba nayo huleta zambarau. Wiki ya kwanza nusu ya wachangia damu walionekana wagonjwa, kumbe mgonjwa ni sinki letu! Tangu hapo kila aoshaye chupa husimamiwa na Mama Suuza kama mkwe mgeni jikoni.

Miaka mitatu iliyopita alimshawishi shemeji yake, mume wa mdogo wake, aje kuchangia damu. Shemeji alifika na utani wake, akidai amekuja kukagua dhahabu inayoibwa. Kipimo cha zamani kikasema damu ni safi. Kipya kikatoa zambarau. Tulimwona mama wa watu akiosha chupa upya kwa mkono wake na kurudia kipimo, akiomba kwa sauti kwamba mzembe awe yeye. Zambarau ikarudi. Ilikuwa homa ya ini, ndiyo kwanza inaanza.

Damu ile haikwenda wodini. Kanuni inataka mhusika aambiwe na daktari, si ndugu, kwa hiyo wiki ile Mama Suuza alikula na shemeji meza moja, akacheka naye, akanyamaza. Shemeji alipojua kwamba Mama alikuwa na habari mapema, alihisi amesalitiwa, na hadi leo hajakanyaga kwake. Jambo hilo limemuuma Mama sana, nasi tumeliona.

Matibabu yaliwahi na shemeji amepona. Juzi alikuja ofisini, akakiri kwamba sasa anaielewa kanuni ile, akaomba siri yake tuiandike hapa kwenye ujumbe wa kumuaga Mama, maana kusema naye uso kwa uso ameshindwa.

Mama, tunakushukuru kwa yote, na tunakuombea ustaafu wenye afya na usingizi wa kutosha. Shemeji naye anasema asante kwa kunyamaza, na anauliza aje lini nyumbani.