Dkt. Yudith Shekiondo, Aliyekataa Kutung'oa Meno

Baada ya miaka thelathini na moja katika kliniki ya meno ya hospitali yetu hapa Lushoto, Dkt. Yudith Shekiondo anastaafu rasmi tarehe 30 Juni. Kamati ya sherehe imeniomba niandike maneno matamu. Muuguzi wa meno hatoi vitu vitamu, kwa hiyo nitaandika ukweli.

Alipofika, milima hii ilijua dawa moja tu ya jino: koleo. Watu walikuja toka Rangwi mashavu yamevimba, wakidai kung'olewa. Kuambiwa kwamba mzizi unaweza kusafishwa na jino likaendelea kuishi waliona ni uchoyo wa daktari. Jino lisilo na neva kwao lilikuwa maiti, na maiti hailazwi kinywani. Dakta aliwaacha waongee, akasafisha mizizi.

Hao walikuwa afadhali. Waliomchosha ni wastaarabu, wafanyakazi wenzangu mkiwamo. Mlitaka kila jino litiwe nguzo, ile pini inayosimamishwa ndani ya mzizi kushikilia kofia ya kulifunika jino, mkidhani chuma huongeza nguvu. Kisha maumivu yakiisha, hamrudi kuvishwa hiyo kofia. Jino likipasuka, analaumiwa daktari. Vyeti tunavyo, akili tumeziacha mapokezi.

Tobia, mpiga tarumbeta wa usharika wa Kilutheri, ndiye bingwa wetu. Alianguka na pikipiki, jino la mbele likakatika. Dakta alisafisha mzizi, akaweka nguzo, akavisha kofia. Bila jino lile Tobia hawezi kupuliza, na katika ibada ya alfajiri ya Pasaka makaburini yeye ndiye anayeongoza tarumbeta. Mtu huyohuyo, hata mwaka haujaisha, akamenya muwa kwa jino hilo. Kofia ikatoka na nguzo yake.

Dakta aliibandika upya huku akifoka: "Nguzo haitii jino nguvu, Tobia. Jino ndilo linaloibeba nguzo, na wewe umeligeuza panga."

Miaka kumi na saba imepita, jino lipo. Mwezi uliopita Tobia alikuja na shikamoo ya unyenyekevu wa kutia shaka, akaomba ling'olewe. Haliumi, halitikisiki. Ila Dakta anaondoka, nani atalitunza? Heri aling'oe mwenyewe aliyelitengeneza. Nyuma yake benchi lilijaa watu wenye hoja hiyohiyo, mhasibu wetu akiwamo. Woga wa kipumbavu nimeuona mwingi katika kazi hii, lakini ule ulitia fora.

Safari hii Dakta hakufoka. Alimwachia kazi Dkt. Alen, anayekirithi chumba chake, akaketi pembeni, jambo ambalo hatujawahi kuliona. Alen alipiga picha, akaligonga jino, akapima fizi. Mzizi hauna ufa, mfupa umeshika. Akasema halitoki, akampangia Tobia kurudi mwakani kuangaliwa.

Tobia akamgeukia Dakta kama anayekata rufaa. Dakta alikuwa ameshavua koti jeupe, analikunja mapajani.

"Umemsikia daktari wako," akamwambia.

Asante, Dkt. Yudith, kwa meno tuliyokuwa tayari kuyatupa. Ukastarehe kwa furaha na afya njema huko Kifungilo. Sisi tutakwenda kwa Alen, hata jino lisipouma.