Tumbo la Mjane

Mama zangu, shikamooni. Wenzangu wa rika langu, salama? Mwenyekiti amenisukuma niseme leo kwa sababu kikundi chetu cha wajane kimepata wageni, na wageni hao hawajui kwa nini sipendi kumwona mtu amekaa peke yake kule nyuma. Basi nitasema. Majina sitataja, maana wengine bado tuna undugu nao.

Mimi niliolewa katika ukoo wa wafugaji, upande wa Igunga. Mume wangu alikuwa mtu wa ng'ombe hasa, wa maneno machache. Alifariki kwa ajali ya pikipiki akitoka mnadani. Tulikuwa hatujajaliwa mtoto. Baada ya matanga mama mkwe aliniomba nisiondoke. Alisema mimi ni binti yake. Nikabaki. Mchana tunalima, jioni tunakaa wawili jikoni tunabangua karanga. Sikuwa na furaha, ila nilikuwa na mtu.

Masika ya pili tangu tumzike, tumbo langu likaanza kuvimba.

Halikuuma. Lilianzia juu, upande wa kulia chini ya mbavu, kama ngumi. Lakini ukishajifunga kanga, nani ataona lilikoanzia? Wanawake kisimani wakaanza kunitazama. Mimi najua sijaguswa na mwanamume tangu asubuhi ile mume wangu alipotoka. Najua. Ila nimwambie nani? Mjane akisema hana mimba, na tumbo lile pale mbele yake, ni kama mtu aliyelowa chapachapa anakwambia mvua haijanyesha.

Mama mkwe hakunitukana. Laiti angenitukana. Alichukua kigoda chake jikoni akakihamishia kwa mwanawe mwingine. Pale mlangoni akasimama, akaniambia bila kunitazama, "Akizaliwa, usimpe jina la mwanangu."

Ndugu zangu, nawaambia, upweke wa msiba una watu. Wanakuja, wanakaa mkekani, wanalia na wewe. Huu mwingine hauna mtu. Asubuhi namwamkia jirani kwa Kisukuma, "Mwangaluka," naona midomo imefungwa. Watoto waliokuwa wakija kuonja karanga walikatazwa. Nilipika ugali wa mtu mmoja, nao ukabaki. Aliyekaa na mimi ni mbwa wa marehemu. Alilala mlangoni pangu, nami nikawa namwambia habari zangu, kwa sauti, kama mwehu.

Miezi ya kuzaa ikafika, ikapita. Hapo wakaacha kusema mimba, wakaanza kusema uchawi. Na mimi mwenyewe, niwafiche nini, nilianza kujishuku. Nilijigusa tumbo nikawaza, labda kweli kuna kitu nilichofanya nikakisahau. Ukikosa mtu wa kukuamini, na wewe unaanza kuchoka kujiamini.

Ndipo walipokuja watafiti kwenye zahanati yetu. Walikuwa madaktari na wapimaji, wana mashine ya utrasaundi ya kubebeka, wanazungukia vijiji vya wafugaji kutafuta ugonjwa fulani wa ini. Ilitangazwa mnadani kwamba kupima ni hiari. Nilikwenda nikasubiri wote wamalize, nikaingia wa mwisho.

Mpimaji alikuwa binti mdogo, mpole. Alinipaka ile jeli ya baridi, akaanza kupitisha kifaa chake tumboni. Nilifumba macho. Niliogopa, mama zangu. Niliogopa kwamba mashine nayo itasema kama wao.

Akaniuliza nina watoto wangapi. Nikamwambia sina. Akageuza kioo cha mashine upande wangu.

"Mama, fumbua macho. Hapa hakuna mtoto. Huu ni mfuko wa maji, uko kwenye ini lako."

Nikatazama. Palikuwa na duara kubwa jeusi, na ndani yake viduara vidogo vidogo. Nikalia. Binti yule alidhani nalilia ugonjwa, akaanza kunifariji. Hapana. Nililia kwa sababu lile nililokuwa nalijua peke yangu, sasa lilijulikana na mtu mwingine.

Daktari alinieleza kwamba ni minyoo ya mbwa. Mnyama akichinjwa, watu huwatupia mbwa maini yenye malengelenge; mbwa hupata minyoo, na mayai yake hutufikia kwenye mikono, maji na chakula, yakakaa mwilini miaka. Nikamfikiria rafiki yangu wa mlangoni. Sikumchukia.

Zamani, daktari alisema, ilikuwa lazima mtu apasuliwe. Wao wanatafiti sindano inayoongozwa na picha: sindano inaingia hadi kwenye ule mfuko, inanyonya maji, inaweka dawa ya kuua minyoo, kisha inanyonya tena. Hakunificha hatari yake. Maji yale yakivuja tumboni yanaweza kuniletea mzio wa kuniua, ndiyo maana ingefanyika hospitalini mjini Tabora. Akanitaka nije na ndugu. Nilikubali kwenda. Ndugu sikumpata.

Kule wodini, saa ya kutazama wagonjwa niligeukia ukutani. Kwenye kitanda cha jirani alikuwepo bibi mmoja wa mtaa wa Cheyo, hapo hapo mjini, wa ukoo wa wafanyabiashara wenye asili ya Omani, na wanawe walikuja wengi na vyombo vya chakula. Siku ya kwanza bibi alinitazama tu. Siku ya pili aliwaambia wanawe wapakue sahani mbili. Hakuniuliza kitu.

Siku ya sindano daktari hakunitazama mimi, alitazama kioo, na mimi nikatazama kioo. Niliiona sindano ikiingia kama mstari mweupe ndani ya lile jeusi. Nikaona jeusi linapungua. Nikashika ukingo wa kitanda, kwa kuwa mkono wa mtu haukuwepo. Halafu vidonge, na kurudi kupimwa tena na tena. Nikapona.

Sasa sikilizeni. Nilirudi kijijini na tumbo langu bapa, nikidhani yamekwisha. Wakasema nimetoa mimba.

Nilisimama kwenye ua ule nikakosa hata machozi. Mama mkwe alifunga mlango wake. Nikachukua nguo zangu nikarudi Tabora kwa bibi wa Cheyo, aliyekuwa ameniagiza nikija mjini nifikie kwake. Alinipa chumba cha uani, na huko ndiko nilikoanza kuishi upya, hadi nilipopata kiwanja hapa Itetemia.

Baadaye wale watafiti waliniomba niwe nakwenda nao vijijini, kwa kuwa wanawake wengi wanaogopa kile kitanda cha kupimia. Nilikubali. Siku moja gari likaelekea kijijini kwetu. Niliomba kubaki ndani ya gari, dereva akanikubalia.

Mara yule binti mpimaji akatoka akaja dirishani. Akasema kuna mama mzee amekataa kulala kitandani, anamtaka mwanamke aliyewahi kupimwa.

Nikaingia. Alikuwa mama mkwe. Amekonda, mkono wake uko chini ya mbavu za kulia. Tuliishi ua mmoja, mbwa wetu mmoja. Nilimwamkia, akaitika. Nikamsaidia kupanda, nikamfunika miguu. Kioo kilipowaka aliona lile duara jeusi, akalitazama muda mrefu.

"Na wewe ulilala hapa peke yako?"

"Peke yangu, mama."

Hakusema nisamehe. Aliushika mkono wangu, akaushika hadi kipimo kilipokwisha. Safari ya Tabora nilimpeleka mimi, na siku ya sindano nilikaa naye hadi mlangoni. Leo anakula, anatembea, na kila wiki ananipigia simu.

Namshukuru Mungu. Namshukuru yule binti aliyegeuza kioo nikaona, na madaktari walionieleza kama mtu mzima mwenye akili. Bibi wa sahani mbili, Mungu amlaze pema. Na ninyi mlionipokea.

Wenzetu wapya, ninachowaachia ni kidogo. Maini mabovu yafukieni, msiwape mbwa. Mikono muoshe. Na ukimwona mwenzako amevimba, amekonda, au amenyamaza kuliko kawaida yake, usikae kumhukumu. Mwulize, "Lini unakwenda kupimwa, nikusindikize?"

Nimemaliza. Yule mama wa benchi la nyuma, njoo ukae hapa.