Komeo la Ndani: Kumkumbuka Fundi Umar wa Kisenyi

Wasikilizaji wapendwa, mliangalia pembeni. Naanza hivyo kwa sababu sina namna nyingine ya kuanza. Ijumaa ile ya mwaka 1976, watu wakitoka msikitini, Kisenyi, hapa Kampala, ilikuwa imejaa. Fundi Umar Abubakar akapakiwa garini mbele ya macho yenu, nanyi mkashikwa ghafla na kazi: huyu anapanga nyanya, yule anafunga viatu, mwingine anatazama saa. Sasa miaka mitatu imepita na utawala ule wa kijeshi umeanguka. Leo mnatazama nini?

Umar alikuwa seremala. Narudia, seremala. Hakuwa mwanasiasa, hakuwa mpiganaji. Babu yake alikuja na wafanyabiashara wa pwani, na karakana ilikuwa hapo hapo Kisenyi, ubavuni mwa gereji. Kazi iliyompa jina ni droo za magari. Unafungua nyuma, unavuta kidogo, na mzigo wote unakufuata wenyewe juu ya beringi kuukuu zilizopakwa grisi.

Alikuwa na desturi yake. Hakati ubao kabla hajauona mzigo. Anachora sakafu ya gari kwa chaki, kipimo kamili, chini kwenye saruji, kisha anamwambia mwenye gari, "Weka vitu vyako humu nione."

Mkunga Santina Aloyo alileta Land Rover ya kliniki. Akapanga ndani ya chaki mabeseni, mikasi, chupa za dawa. Kisha akalala chini mwenyewe, kuonyesha mahali pa mama mwenye uchungu.

"Umar, leo unapima nesi ama unapima jeneza?" akacheka Taban, fundi wa kuchomelea, jirani yake.

"Wewe Taban, nyamaza! Bibi yako akishikwa na uchungu utamleta na toroli?" Santina akajibu akiwa bado kalala. Halafu akamgeukia Umar. "Lakini fundi, hii kitu ikijifunga na mama iko ndani?"

Umar akakuna kichwa. Akaweka komeo la ndani: kipande cha mvule chini ya ubao, ukikisukuma kwa kisigino kila kitu kinaachia. Likumbukeni komeo hilo.

Kazi ile ilisifiwa mji mzima, na sifa zikafika kusikotakiwa. Wanaume watatu wenye miwani myeusi walikuja na pikapu ndefu yenye turubai. Walitaka droo moja tu, yenye kifuniko, bila vigawanyo.

"Mzigo uko wapi, afande, niupime?" Umar akauliza, kwa mazoea tu.

Wakatazamana. Mmoja akacheka. "Mzigo? Lala wewe. Jipime."

Akalala. Yule mtu akachukua chaki ya Umar mwenyewe, akamzungushia kuanzia utosini hadi nyayoni. Umar aliposimama akaliona umbo la mtu sakafuni.

Mkewe, Bi Mahfudha, bado anakaa Old Kampala. Anasimulia: "Hakugusa chakula. Nikamwambia, Baba Sabah, tukimbie, tupitie mpakani Busia. Akaniambia, 'Nikikimbia watampata fundi mwingine, na yeye hataweka komeo.'"

Mmesikia? Angeweza kukimbia. Akabaki ili aweke komeo.

Alilificha vizuri. Wiki ya tatu baada ya kuikabidhi kazi, pikapu ilikwama kwenye msongamano wa soko la Kalerwe. Ndani ya droo alikuwemo kijana aitwaye Ogwal, hajui lolote, anapiga mateke tu kwa woga. Kisigino kikagusa mvule. Kifuniko kikaachia. Akachomoka chini ya turubai, na akina mama wauza matooke wakamfunika kwa majani ya ndizi mpaka wale watu wakachoka kutafuta. Wale akina mama hawakuangalia pembeni! Ogwal yu hai leo.

Siku ya pili, wakiwa wameshaligundua komeo, wakarudi Kisenyi, Ijumaa mchana. Wakaanza kwa Taban: bandika bati hapa, lizibe komeo, chomelea kwenye bodi ya gari. Kisha wakaenda kwa Umar. Na aliyelazwa ndani ya droo alikuwa Umar mwenyewe. Narudia, wasikilizaji: ndani ya droo aliyoipimia mwili wake.

Wiki iliyopita Taban alikwenda kwa Bi Mahfudha, akapiga magoti. "Mama Sabah, nilichomelea bunduki ikiwa shingoni. Sikujua nani anaingia. Nikamsikia akigonga kwa kisigino, pale pale kwenye komeo. Mara mbili. Gari likaondoka. Nililiona mpaka kona, nikaingia ndani, nikafunga mlango."

Mpaka kona. Hapo ndipo macho ya Taban yalipoishia.

Kwa Bi Mahfudha, kwa mwanawe Sabah na kwa ukoo wote, tunatoa pole zetu. Lakini jana nilipompa pole yangu, mama yule aliirudisha. "Mwanangu, pole ninazo tele. Sina kaburi."

Basi tafakarini, ila msitafakari mmekaa. Baada ya kona ile kuna njia panda. Pale walikuwepo washona viatu, wauza nyanya, madereva wa teksi. Wewe ulikuwepo. Unajua kama gari lilikata kulia au kushoto. Zima redio hii. Vaa viatu. Nenda Old Kampala sasa hivi, gonga mlango wa Bi Mahfudha, umwambie.