Kamyo Nyekundu Niliyoitangaza Kwenye Foni

Bwana asifiwe, kanisa! Amahoro, amani ya Mungu, iwe juu ya kila mmoja aliyeamka salama leo. Wanaonijua wananiita Mama Neema. Wasionijua, mimi ni yule wa kwaya ya wamama ambaye mchungaji humwambia kila Jumapili ashushe sauti kidogo. Ndugu zangu, leo nitawaambia sauti hii ilifanya nini miaka ya vita. Miaka mingi imepita, lakini sijasahau hata neno moja.

Nimezaliwa Fizi, ng'ambo ya ziwa. Vita ya kwetu ilinitupa hapa Rumonge, nikakuta na ya hapa inaendelea. Nilikuja na mume wangu Elia, na mtoto mgongoni, ndiye Neema. Mungu akatupa kazi sote wawili katika depo moja ya mawese. Mwenye depo tulimwita Patron Ramazani, Mwislamu wa hapa mjini, babu yake alitoka Ujiji. Elia alipakia mapipa kwenye kamyo, lori la depo. Mimi nilikuwa mpimaji. Wamama wa Gatete na vijiji vya juu wanaleta mawese kwenye bidoni, madumu yale ya plastiki, mimi napima, naonja, nasema haya ni safi, haya yametiwa maji. Miaka sita nilishika kile kipimo. Nilikipenda, nawaambia ukweli, kuliko mtu anavyopaswa kupenda kopo la bati.

Siku moja Patron akaleta mpwa wake kutoka Bujumbura, binti aliyemaliza shule, akampa kipimo changu. Mimi akaniambia, "Mama Neema, weye utasaidia kule kwa mapipa."

Kusaidia! Ndugu zangu, ni kuosha mapipa kwa maji ya moto na majivu, mafuta mpaka viwikoni, tena mbele ya wamama walewale niliokuwa nawapimia. Na yule binti hakujua hata kutofautisha mawese mapya na ya mwezi uliopita. Nilichemka. Patron alikuwa anakaa ndani na kahawa yake, mlango wazi, hatua kumi kutoka nilipokuwa naosha. Ningeingia nikamwambia, "Patron, umeniumiza." Sikuingia. Nilikwenda kwenye foni.

Vijana hamjui foni. Ilikuwa redio ya kuongelea, ndani ya kibanda, betri ya gari chini ya meza na waya mrefu juu ya nguzo, ndiyo antena. Simu za mkononi hazikuwa zimetufikia. Ukitaka kuongea na mtu wa Baraka au Uvira au Nyanza-Lac, anaitwa, anakuja kwenye kibanda cha kwao, mnaongea kwa zamu. Unasema yako, ukimaliza unasema "nakuachia", naye anajibu. Lakini mnaongea wawili, wanasikia wote! Vibanda vyote vya pwani vilikuwa kwenye njia moja ya hewa, na watu walikaa pale kusikiliza habari za wengine kama wanavyokaa kunywa chai.

Kwa hiyo tulikuwa na desturi yetu, na hata mtoto aliijua. Kwenye foni hutaji jina, hutaji siku, hutaji gari. Gari linaitwa mgonjwa. Mapigano yanaitwa mvua. Mtu akisema mgonjwa atatoka mvua ikikatika, mwenye kuelewa ameelewa. Ndivyo tulivyoishi. Magari yaliviziwa barabarani, neno moja wazi lingeweza kuua mtu, na sote tulijua.

Mara ya kwanza nilimwita dada yangu Ester, yuko Baraka. Nikamweleza habari za mapipa. Nikamwigiza yule binti anavyochovya vidole viwili kwenye mawese na kukunja pua. Ester akacheka. Halafu, ndugu zangu, akacheka mtu mwingine! Sauti ya mwanamke nisiyemjua, sijui wa wapi, akasema, "Endelea, mama, tuko pamoja!" Nikaendelea. Mbona nisiendelee?

Kesho yake sokoni, muuza ndagala mmoja, dagaa hizi za ziwani, aliyefika kutoka Minago kwenye njia ya Bujumbura, akanishika mkono. "Ni weye Mama wa Mapipa? Sisi kule tulilia machozi kwa kucheka!" Nikajiona mkubwa. Deponi mimi ni muosha mapipa, lakini hewani mimi ni mtu! Wiki iliyofuata nilipokwenda nikakuta watu wamekaa nje ya kibanda wananingoja. Nilikuwa nimeandaa maneno tangu asubuhi, nikiwa nasugua. Siku hiyo nilimwigiza Patron mwenyewe, kikohozi chake, kofia yake, anavyosema "haraka haraka" huku yeye ameketi. Walicheka mpaka mwenye foni, kaka mmoja mpole aitwaye Bosco, akawaambia wanyamaze betri isije ikaisha bure. Nilirudi nyumbani naimba. Naimba nyimbo za Bwana, kwa kinywa kilekile!

Elia alinionya. Akasema, "Mama Neema, ile foni haina kifuniko." Nikamwambia yeye ni mwoga.

Mara ya tatu ilikuwa Jumanne. Asubuhi hiyo Patron alikuta pipa moja lina masizi, akanigombeza mbele ya wamama wa Gatete, na yule binti akatabasamu. Nilikwenda kwenye foni bila hata kunawa. Na hapo, ndugu zangu, nikasahau desturi. Hapana, nisidanganye mbele za Mungu. Sikusahau. Niliivunja, kwa sababu nilitaka aaibike kwa jina lake. Nikasema, "Ramazani anajiona mwerevu! Alhamisi hii, saa kumi na mbili asubuhi, anatuma kamyo yake nyekundu Bujumbura bila kungoja msafara wa askari, eti askari wanamchelewesha. Mapipa yake naosha mimi. Akili yake ataiosha nani?"

Bosco aligonga meza kwa vidole mara tatu. Niliviona vile vidole. Nikamaliza sentensi yangu, nikasema nakuachia, nikangoja kicheko.

Hakikuja. Ester hakucheka. Wale wa nje hawakucheka. Hewani ilisikika ile sauti ya kukwaruza tu. Halafu mwanamke mmoja, mbali, akasema polepole, "Eh, mama..." Bosco akazima. Hakuniangalia. Nami nikatoka nikijiambia kwamba watu hawa hawana shukrani, juzi walicheka na leo wamenuna.

Alhamisi Elia aliondoka mapema kwenda kupakia kama kawaida. Mimi nilifika saa moja. Kamyo ilikuwa imeshaondoka, nikachukua majivu yangu nikaanza kusugua. Baadaye kidogo nikamuuliza yule binti, "Elia iko wapi?"

"Amekwenda na kamyo," akasema. "Mupakizi wao iko na malaria, basi Patron amemutuma Elia pa nafasi yake."

Yesu wangu! Mikono ilikuwa ndani ya maji ya moto na sikuyasikia. Niliyasikia maneno yangu mwenyewe, moja moja. Alhamisi. Saa kumi na mbili. Nyekundu. Bila askari. Nilimwona Elia amekaa juu ya mapipa niliyoyaosha mimi. Nikaelewa kwamba kama kuna mtu mbaya aliyesikia, mimi ndiye niliyempa siku, saa na rangi, na nimemwongezea mume wangu juu.

Shetani akaniambia, kaa kimya, labda hakuna aliyesikia. Nawaambia alikuwa na maneno matamu! Ukisema, utafukuzwa, utapelekwa kwa askari, mtoto atabaki na nani? Lakini Bwana akaniinua kwa nguvu. Nikaenda zile hatua kumi. Mlango ulikuwa wazi kama siku zote. Nikapiga magoti nikamwambia Patron Ramazani kila kitu, mpaka kile kikohozi chake nilichokiigiza.

Alivua kofia. Nilingoja kofi. Akasema kwa sauti ndogo, "Mama Neema, kuko watu saba juu ya ile kamyo." Akasimama. "Ile kamyo ni nzee, kila mara inachemusha maji, shofeli atasimama njiani ipoe. Pengine haijafika Minago. Twende kwa foni. Hasira yako tutaiongea siku ingine."

Tulikimbia, yeye na kanzu yake, mimi na majivu yangu. Akaniambia kwamba yeye na shofeli, dereva wake, wana neno lao. Mtu yeyote akimwambia shofeli "Bibi amerudi Ujiji", basi azime kamyo palepale asiende mbele. Neno hilo walilijua wawili tu. Nilidhani ataongea mwenyewe. Akanisukumia mimi ile foni. "Ongea weye. Sauti yako ndiyo wanaijua."

Nikasema, "Wamama wa Minago, ni mimi, Mama wa Mapipa. Leo sina kichekesho. Mgonjwa wangu ametoka asubuhi, anakuja kwenu, ana homa kali. Wa nyumba yangu ndiye aliyemshika mkono. Kwa ajili ya Mungu, msimwache apite. Mwambieni Bibi amerudi Ujiji. Nawaachia."

Kimya. Nikarudia. Kimya tena. Mara ya tatu nilikuwa nalia, sijui kama walisikia maneno au kilio. Ndipo ikaja ile sauti ya mwanamke, yule wa siku ya kwanza. "Tumesikia, mama. Tunaenda."

Nilianguka chini ya meza ya Bosco, nikamlilia Bwana. Patron alitawadha kwa kopo la maji nje ya kibanda, akatandika kanga ya mtu, akasali. Zaidi ya saa nzima. Mimi ndani, yeye nje, na kila mmoja anaomba kwa ajili ya watu walewale saba. Foni ikakwaruza. "Mama wa Mapipa, mgonjwa wako amelala kwetu. Wote wamelala kwetu. Tunakuachia."

Haleluya! Mpeni Bwana utukufu!

Wale wamama walifanya hivi. Walichukua mabeseni yao ya ndagala, wakayapanga juu ya lami nzima, wakakaa katikati ya barabara. Shofeli alipiga honi, akatukana. Mmoja wao akamfuata dirishani akamwambia Bibi amerudi Ujiji. Elia anasema shofeli alizima kamyo palepale.

Lakini ndugu zangu, sijafika. Elia alirudi Ijumaa, kamyo ikasindikizwa na askari. Aliketi, hakugusa chakula. Akaniambia kwamba pale Minago walifika wakulima waliotoka upande wa Muhuta, mbele zaidi ya pale, wakikimbia. Walisema watu wenye bunduki walikuwa wamejificha kwenye kona moja tangu alfajiri. Magari mawili ya abiria yalipita, hawakuyagusa. Wakamsimamisha mama mmoja aliyebeba mihogo, wakamuuliza, na walikuwa wanacheka walipouliza, "Ile kamyo ya Mama wa Mapipa bado?"

Walinijua! Hawakuuliza kamyo ya Ramazani. Waliuliza ya Mama wa Mapipa. Mnasikia, kanisa? Walikuwa wamekaa mahali kule kilimani na redio yao, wanacheka kwa vichekesho vyangu pamoja na wamama wa Minago. Labda nao walisema "endelea, mama". Nilipokuwa natafuta wa kucheka nami, wao walikuwa wananisikiliza kwa utulivu wao wote.

Patron hakunifukuza. Jumatatu aliniita ndani, akanipa kiti, akasema, "Mimi nilikukosea, nilikunyanganya kazi bila kukuambia sababu. Weye ulinikosea zaidi. Siku ingine ukiumia, ingia hapa, nitukane mu uso." Kipimo hakunirudishia. Niliosha mapipa mwaka mwingine mzima, na yule binti nikamfundisha mimi mwenyewe kuonja mawese. Mkono ulioshika ile foni haukustahili tena kipimo, na sikulalamika.

Kwa nini nasema leo? Kwa sababu juzi Neema wangu, mtu mzima mwenye kazi ya ofisini, alinionyesha simu yake akicheka. Ameandika habari za mkubwa wake wa kazi, jina, tabia, mpaka saa anazotoka. Watu mia wamecheka. "Mama, ona wanavyoniunga mkono!" Nikaona zile alama za kicheko zimepangwa. Nilisikia sauti ikisema endelea, mama, tuko pamoja. Mwanangu, foni yangu ilikuwa na Bosco wa kugonga meza. Hiyo yako nani anagonga?

Elia, simama wakuone. Simama tu, usione haya. Kanisa, huyu ndiye mtu niliyemuuza kwa kicheko, na Bwana akanirudishia bure. Asante Yesu! Na asanteni, wamama wa Minago, popote mlipo, mlioweka samaki wenu chini ya magurudumu kwa ajili ya mwanamke msiyemjua uso.

Sasa nakuita wewe uliyeumizwa kazini, mwenye donge hapa kooni. Najua linauma, mimi sikuambii halikuumi. Kesho nenda kwenye ule mlango, hatua ni kumi tu. Lakini leo anza na Mungu, mwambie yote, taja jina, taja siku, mwigize hata kikohozi kama unataka. Njoo mbele. Hapa hakuna antena.