Historia ya Mama Vunja, Aliyevunja Kisu Kimoja Katika Kila Katoni

Ndugu waombolezaji, jamaa, majirani, nanyi mliosimama huko nyuma kwa kukosa viti, mimi ndiye niliyemfuata marehemu ziwa, na wapo waliotaka historia hii isomwe na binamu yetu mwalimu kwa kuwa shule mimi niliiaga darasa la sita, lakini familia ilikaa, ikapima, ikaona ni nani mwenye sauti ya kufika barabarani bila kipaza sauti, kwa hiyo tulieni mnisikilize.

Dada yetu, ambaye soko zima lilimwita Mama Vunja, alizaliwa tarehe 14 Machi 1961 katika nyumba ya vyumba viwili nyuma ya kiwanda cha sabuni, akiwa kifungua mimba wa mzee wetu aliyekuwa mlinzi wa kiwanda hicho na mama yetu mshonaji, ambao wote wametangulia mbele ya haki, akasoma shule ya msingi iliyokuwa ng'ambo ya barabara na kumaliza darasa la saba mwaka 1975 akiwa wa pili, na huyo wa kwanza, kwa taarifa yenu, alikuwa akichungulia kwake.

Mwezi Februari 1980 aliajiriwa katika jiko la shule ya bweni, kazi yake ikiwa kumenya na kukata mboga, na huko ndiko kisu kipya, kilichonunuliwa kwa bei ya chee, kilipochomoka mpinini akiwa anapasua boga, bapa likamkata kidole cha shahada na mpini ukabaki mkononi, naye hata kabla hajafungwa kitambaa akauchanja mpini ule kwa shoka aone kulikoni, akakuta mkia wa chuma, ambao ulipaswa kufika hadi mwisho wa mpini, ni mfupi kama kucha na umegandishwa kwa gundi, ndipo akaapa mbele ya wapishi wenzake kwamba hata mtu wa kisu cha bei rahisi ana haki ya kurudi nyumbani na vidole vyake vyote.

Mwaka 1984 aliacha kazi ya jikoni akafungua meza ya visu sokoni, karibu na lango la magari, visu visivyokunjwa tu, maana vya kukunja alisema vina kiuno na yeye hauzi kitu chenye kiuno, na kila alipofungua katoni mpya alitoa kisu kimoja, akakibana kwenye jiliwa, kile kibanio cha chuma cha mafundi, mbele ya watu, akakipinda kuona kama kinarudi, akazidi kukipinda hadi kikavunjika, akawaonyesha wateja punje za chuma pale kilipokatikia, kwamba zikiwa laini kama unga kisu ni cha maana, zikiwa kubwa kama chumvi ya mawe hicho ni cha kufungulia makopo ya rangi, kisha akapasua mpini kutazama mkia, na katoni ikifaulu, visu vyote vilivyobaki akavitia alama yake, mikato miwili ya tupa kwenye shina la bapa. Mng'aro hakuutazama, alisema unalipiwa lakini haukati nyama, na makali aliyajaribu kwa kunyoa mkono wa mtu, mkono wenyewe ukiwa huu wangu wa kushoto, ambao hadi leo ni laini kama wa bibi harusi, na katika miaka yote hiyo nilitoka damu mara moja tu, nilipopiga chafya.

Tarehe 6 Agosti 1988 alifunga ndoa na shemeji yetu fundi seremala, aliyefika mezani siku ya kwanza akamcheka, "Mama, unavunja mali yako mwenyewe, una wazimu?" naye akajibiwa, "Nikikuuzia kizima kikuvunjikie mkononi, wazimu utakuwa wa nani?" akaondoka na kisu, akarudi wiki ya pili akachukua kingine, na wiki ya tatu kingine, hadi mimi nikamwambia, kaka, sema tu unachotaka, nyumba yako haina nyama ya visu vyote hivyo. Walijaliwa watoto watatu, binti mkubwa ambaye ni fundi wa kuchomelea, na mapacha wa kiume, mmoja dereva wa lori na mwingine muuguzi.

Mwezi Januari 2021 marehemu alianza kuugua figo, na mwaka huohuo mwenye duka la jumla, tuliyemwita Bwana Katoni, alimletea shehena ya visu vya kumeremeta, vyenye ala nzuri, dada akavunja kimoja, akakuta mkia mfupi na gundi, akaikataa shehena yote, Bwana Katoni akafoka, "Utakufa maskini na jiliwa lako!" dada akamwambia, "Na wewe kufa tajiri, ila ondoa uchafu wako mezani kwangu." Haukupita muda muuza matunda akaja amefungwa bandeji mkono mzima, ameshika bapa la kumeremeta kama vile vilivyokataliwa, lisilo na mpini, na kwenye shina lake kuna mikato miwili ya tupa, alama ya dada yangu, iliyochorwa na mkono ambao hadi leo hatujaujua.

Dada hakupiga kelele, alisema alama ni yake na vidole ni vya watu, na tangu siku hiyo alianza kupita jiko hadi jiko, mimi nimebeba jiliwa begani, uzito wa mbuzi aliyeshiba, kila chenye alama kikabanwa na kupindwa, kibovu kikabadilishwa kwa kizuri bila mtu kuulizwa chochote. Mwanawe muuguzi alimkanya, "Mama, figo hazisubiri visu," akajibu, "Visu navyo havisubiri figo," na hata alipolazwa, wageni walimletea visu vilivyofungwa magazeti badala ya matunda, hadi daktari akaamuru vipokelewe getini, na binti yake akawa anavipima hapohapo nje ya ukuta.

Asubuhi ya tarehe 9 Juni 2023 alimuuliza binti yake kama wamefika mtaa wa chini, nyuma ya gereji za mabasi, akaambiwa bado, akanuna, na mchana wa siku hiyo akafariki dunia, akiwa bado amenuna.

Kwa hiyo familia inatangaza, Jumatatu asubuhi binti atafungua meza, na mtaa wa chini tutaupita mlango kwa mlango, kila mwenye kisu chenye mikato miwili akitoe, hata kama kinakata, hata kama amekizoea, kikistahimili atarudishiwa, kikivunjika atapewa kingine, na anayeona haya atuachie kizingitini.

Tunawashukuru madaktari na wauguzi wa wodi ya figo, mlinzi wa getini aliyegeuka mtunza visu, majirani, na wenzake wote wa sokoni, pamoja na mliouza visu vile bila kujua.

Dada, nuna basi, nasi tunakwenda, na tukishamaliza mlango wa mwisho nyuma ya gereji, pumzika kwa amani.