Neno Moja Nyuma ya Ukuta

Benchi lenyewe lilikuwa mbao mbili juu ya matofali, limebanwa kati ya mlango wa kinyozi na ukuta wa shule ya msingi, na upande mmoja liliyumba. Wenyewe walikuwa watatu. Kinyozi alikaa karibu na mlango wake ili asipitwe na mteja. Katikati alikaa Breki, dereva mstaafu, aliyeitwa hivyo kwa kuwa hakuna mazungumzo aliyoyaacha yaende bila kuyasimamisha. Mwisho, penye mwanga, alikaa Fundi Saa, aliyetengeneza saa za mkono kwa miaka thelathini na minane. Shangazi, muuza kahawa wa pale, aliwamiminia. Alhamisi hiyo Fundi Saa alikuwa na karatasi gotini. Kamati ya wazazi ilikuwa ikae saa nne, na barua ya kutaka somo la muziki lifutwe ilitakiwa ifike kabla. Mwandiko mzuri ulikuwa wake, na mjukuu aliyekuwa darasa la pili alikuwa wake pia.

— Andika, alisema Breki. “Sisi wazazi tumechoshwa na michezo.”

— Wewe huna mtoto pale, alisema Kinyozi.

— Nina masikio pale.

Nyuma ya ukuta debe liligongwa mara nne, vizibo vikachakarika ndani ya kopo, watoto wakaimba: “Ndoo, imejaa, mama, tubebe!” Wakarudia, maneno yakapungua. Wakarudia tena, yakapungua zaidi. Kisha kimya. Halafu sauti arobaini kwa pamoja:

— Tubebe!

— Mmesikia? alisema Breki. Muhula mzima, neno moja.

— Mwanzoni yalikuwa manne, alisema Kinyozi.

— Hapo ndipo ninapouliza mimi. Yale matatu yamekwenda wapi?

— Juzi nilikuwa na mmoja kitini. Katulia tuli, nikasema huyu kalelewa. Mara, “Tubebe!” Nikashtuka, nikamchora njia kwa wembe mpaka sikioni. Mama yake alinitazama kama mimi ndiye niliyeimba.

— Andika hilo, Fundi. Usalama wa masikio.

Fundi Saa akaandika.

— Na zile chupa? aliendelea Breki. Wanazitia maji, kila moja na kiasi chake, wanazigonga kwa kijiko. Hiyo si kazi ya baa?

— Baa gani inatia maji kwenye chupa?

— Zote, alisema Shangazi.

— Mimi nawaambia, wale wanafundishwa kunyamaza kwa mpigo. Watoto arobaini wananyamaza bila kutishwa? Hilo jeshi.

— Jeshi lina kelele, bwana.

— La zamani.

Fundi Saa alikuwa ameacha kuandika. Siri ya kile kimya alikuwa nayo yeye. Jumapili, baada ya chakula cha mchana, mjukuu wake wa miaka saba alimweka mezani akamfundisha. Kila raundi neno moja linamezwa: haliimbwi, ila nafasi yake inabaki. Mwishoni unameza matatu, unatoa la nne, na lazima mlitoe pamoja. Anayewahi anatoka. Fundi Saa, mtu aliyekuwa akisikia saa ikichelewa kabla hajaishika, alitolewa mara tatu. “Umewahi tena, Babu,” mtoto alimwambia, kwa upole uliomuudhi.

— Mbona kalamu imesimama? aliuliza Shangazi.

— Wino.

— Mjukuu wako anasemaje?

— Mwaka jana kila asubuhi ya shule tumbo lilikuwa linamuuma. Sasa Alhamisi, siku ya muziki, halimuumi. Siku nyingine zote linauma.

— Tumbo si suala la kamati, alisema Breki. Weka sahihi, twende.

— Kwanza tucheze.

— Tucheze nini?

— Huo mchezo. Nikiandika kwamba hauna kitu, nataka niwe nimeona.

Akawaeleza. Wakagonga ubao mara nne, wakameza maneno matatu. Breki alilitoa neno lake kabla ya la kwanza kumezwa vizuri. Fundi Saa aliwahi kidogo tu, akaitazama saa yake kana kwamba imemsaliti. Kinyozi akaja mwisho, peke yake.

— Nilikuwa namsubiri Breki amalize, alisema.

— Benchi linayumba! alisema Breki. Nani ataimba juu ya benchi linaloyumba?

Hapo mama mmoja alikuwa amesimama mbele yao, kamshika mkono binti mwenye daftari jipya.

— Shikamooni.

— Marahaba.

— Namleta huyu darasa la pili. Nimeambiwa wana somo la muziki, na nyinyi naona mnalifahamu. Linawafundisha nini?

Breki alimnyooshea Shangazi kikombe. Kinyozi akakumbuka kuwa wembe wake hauko mahali pake. Shangazi aliinamisha birika juu ya kikombe cha Breki, likatoa tone moja.

Nyuma ya ukuta debe likagonga mara nne. Fundi Saa akashusha mkono wa shati juu ya saa yake, akafumba macho. Akameza la kwanza. Akameza la pili. La tatu likawa refu kuliko yote, akalivumilia.

— Tubebe, alisema kwa sauti ya chini, na sauti arobaini zikasema naye.

Mama yule alikuwa bado anasubiri jibu.

— Lango la kushoto, mwanangu, alisema Fundi Saa. Fanya haraka, kipindi hakijaisha.

Kisha akaikunja barua mara nne, akainama, akaichomeka kati ya tofali na ubao.

— Sasa kamati tunaipelekea nini? aliuliza Breki.

Fundi Saa alilikandamiza benchi kwa kiganja. Halikuyumba.