Maisha ya Mdogo Wangu Lempi, Pamoja na Nililolificha

Ndugu waombolezaji, mchungaji wetu, na wewe Dolores uliyefiwa, mimi Aune Koskela, dada wa marehemu, familia imenipa kazi ya kusoma maisha yake, na pale nitakapotamani kuruka mstari, Mungu anizuie.

Lempi alizaliwa tarehe 12 Machi 1961 hapa Hancock, Michigan, mtoto wa pili na wa mwisho wa Eino, mchimbaji wa shaba, na Sylvi. Mwili wa Lempi haukuwa wa kike kabisa wala wa kiume kabisa, lakini alikuwa mzima, ananyonya vizuri, anacheka. Tarehe 8 Mei 1962 madaktari walimpasua ili afanane na wasichana, na kwa wiki tatu mama alipombadilisha bandeji, mimi wa miaka kumi na moja ndiye niliyemshika miguu. Tuliambiwa tuseme ni ngiri, tukasema ngiri.

Alimaliza shule hapa hapa mwaka 1979, baba akiwa amemfundisha kodiani, akapiga katika kumbi za dansi kuanzia Calumet hadi Duluth, amevaa sketi ya mama na tai ya baba. Mwaka 1992 alipata faili lake la hospitali, akaja jikoni kwangu akauliza, "Dada, ngiri gani hii ya kurasa arobaini?" nami nikamwambia kahawa inapoa.

Tangu hapo alipiga kwenye maandamano ya wapenzi wa jinsia moja, akapiga pia nje ya hospitali, akidai mtoto mzima asipasuliwe mpaka akue aamue mwenyewe. "Walinikata sijajua kusema hapana," aliwaambia watu, "sasa nimejua, na kodiani ninayo!"

Tarehe 12 Septemba 2015 alifunga ndoa na Dolores Beaudry, wakamlea Corinne, binti wa Dolores, nami harusini sikwenda, nilituma blanketi kwa posta.

Mwaka 2019 kamati ya hospitali ile iliyompasua ilikubali kusikiliza mashahidi wa pasuaji hizo, Lempi akaniomba, "Mimi sikumbuki, dada, aliyenisikia nikilia ni wewe, njoo useme hilo tu." Niliahidi, siku ilipofika nikabaki nyumbani kwa kuogopa kinamama wa kanisa hili watasemaje, kamati ikaandika kwamba hakuna aliyeshuhudia, watoto wakaendelea kupasuliwa. Alinipigia simu, "Umepika nini leo, we mwoga?" akacheka, lakini hakuniomba tena.

Aligundulika kuwa na saratani ya kongosho tarehe 6 Novemba 2023, akafariki nyumbani tarehe 3 Februari 2024, Dolores amemshika mkono.

Tunawashukuru majirani kwa kuni na supu, wanamuziki wenzake, na madaktari waliomuuguza, ambao kila mara walimwomba ruhusa kabla ya kumgusa.

Kamati inakaa tena Jumanne saa nne asubuhi, na jina langu nimeliandikisha, nimesema kwanza mbele yenu ili nisipate pa kurudi nyuma, alilia, nilisikia.

Pumzika, mdogo wangu, kwa amani tuliyokunyima.